Ndugu Wawili Kwenye Hekalu la Wakhmer

Mimi na mume wangu tulikaa Doha, Qatar, miaka mingi, tumeoana na hatuishi pamoja. Yeye alikuwa mlinzi, analala kambi ya wafanyakazi, kule mtaa wa viwanda, Industrial Area. Mimi nilikuwa mapokezi hotelini, nalala hosteli ya wanawake. Tulionana Ijumaa, siku ya mapumziko, mtaa wa Al Mansoura. Tulikula biriani, kisha tukatembea tukiwa tumeachiana nafasi ya mtu wa tatu kupita. Kushikana mikono barabarani kule si adabu, na mgeni wa watu hachezi na kibali cha kukaa.

Basi mwenzangu wa kazini, Mthai, akaenda kuolewa kijijini kwao karibu na mpaka wa Kambodia, akatualika. Likizo zetu zikalingana kwa mara ya kwanza. Huko nako wanawake tulilazwa chumbani, wanaume barazani. Nilikaribia kuangua kilio.

Harusi ilipokwisha, bibi harusi alitupeleka kuona hekalu la kale la Wakhmer, wale watu wa Kambodia ya zamani, gofu la mawe mekundu katikati ya mashamba ya mpunga. Nilishangaa kila nguzo. Mume wangu je? Alisimama mlangoni, mikono nyuma, anawakagua watalii mifuko kwa macho.

"Wee, uko off!" nikamwambia. "Hayo mawe yamejilinda miaka yote bila wewe."

Akacheka, akanifuata, na ile nafasi yetu katikati.

Mama aliyeuza tiketi akamwuliza bibi harusi jambo kwa Kithai. Bibi harusi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Anauliza kama nyinyi ni ndugu."

Mimi sikucheka. Iliniuma, maana hofu hiyo nilikuwa nayo mwenyewe: kwamba Ijumaa baada ya Ijumaa tulikuwa tumegeuka kaka na dada. Nikapanda ngazi peke yangu, nimenuna, nikaketi juu kabisa.

Alinifuata akihema. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Hakuna kamera hapa?"

"Hakuna."

"Basi lete mkono."

Kiganja chake kilikuwa na sugu, ngumu, mstari mzima chini ya vidole.

"Hizi ni za nini?"

"Za geti. Kufungua na kufunga. Ni za kitambo, mama."

Mke mzima, na sikuwa nikizijua. Nikaanza kulia palepale, naye, maskini, akadhani bado nimemkasirikia, akataka kuuachia mkono. Nikamkatalia.