Mgagani Usoni

Mgagani ulijiotea wenyewe nyuma ya zizi letu pale Bugarama, nasi tuliukanyaga bila hata kuuomba radhi. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeuheshimu. Aliutumia kutibu masikio, mafua na kichwa, na mbegu zake nyeusi, zinazowasha kama haradali, alizitwanga kwa ajili ya koo lililokauka.

Safari hii koo lilikuwa langu. Miaka ile ya hamsini nilikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa kikundi chetu cha ngoma, mwenye maringo kuliko sauti, na asubuhi ya mashindano niliamka siwezi hata kumfokea kuku. Kwetu vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja upande wake. Kinachovuta watu wengi ndicho kimeshinda. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji tu. Nisipoimba, wenzangu wangempa umanju mtu mwingine, na kuliko hilo niliona ni heri nife.

"Shikamoo, bibi," nilimnong'oneza.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Sikiliza vizuri, maana wewe husikilizagi. Dawa ya kwenye jani ni mgagani, meza. Ya kwenye kitambaa ni ya mvuto, paka usoni watu wakupende."

Zote alizisaga na samli, zote nyeusi. Uwanjani nilizifungua pamoja ili nizinuse, mara ngoma ikalia, nikachanganyikiwa. Nikameza ya mvuto. Mgagani nikajipaka usoni, kwa ukarimu, mpaka kwenye kope.

Mama yangu wee! Uso uliwaka moto. Niliruka, nikatua, nikaruka tena, nikazunguka nimejishika mashavu, machozi yanatiririka. Wenzangu wakadhani nimeleta mtindo mpya, wakaniiga wote, ruka kwa ruka, mashavu mikononi. Wachimbaji waliokuwa likizo kutoka Geita, na viatu vyao vya kung'aa, waliutelekeza upande wa pili wakaja mbio. Vumbi likatimka. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Ila wimbo haukuwapo, na watu waliokwisha kushangaa walianza kugeuza shingo. Hapo mke wangu, niliyemwoa mwezi uleule, akajitoma katikati, mbavu hana kwa kicheko, akaanzisha wimbo wangu. Alikuwa na sauti! Ilipanda, ikapinda, ikatukamata sote, na uwanja wote ukahamia kwetu mpaka wapiga ngoma wa wapinzani wakaja kusikiliza.

Tulishinda. Jioni wenzangu walimpa yeye umanju, mbele ya macho yangu, au tuseme jicho moja, maana la pili lilikuwa limevimba likafumba. Niliungoja wivu unishike, haukuja. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kumbe tangu nimwoe nilikuwa naishi na manju nyumbani, namwambia anyamaze ili nipate kufanya mazoezi.