Mshipa wa Bwana Shekhan

Bwana Shekhan, mshona kofia wa Mbwajumali, alimeza dawa tatu za presha kila siku, na presha haikuteremka. Ilikaa pale pale kama mgeni aliyekwisha kula na haagi. Hakulalamika. Alimeza, akashona, akalala.

Daktari Kiprotich wa Lamu mjini akamsikiliza tumbo, akasikia damu ikivuma kama mtu anayepuliza chupa. Akamtuma Mombasa kupigwa picha. Zilipokuja akazitazama, akatamka:

"Mzee, shida yako ni mshipa."

Afadhali angesema ameota pembe. Visiwani, mwanamume mwenye mshipa ni mwenye busha, na busha halina siri: hutangulia lenyewe kuingia msikitini.

"Tutapitia hapa kinenani, tutie kijibomba cha waya, mshipa upanuke," daktari akaendelea. "Usichelewe. Figo inakufa."

Kinenani! Shekhan alitikisa kichwa, akapanda boti, akateremka gatini Mtangawanda bila kumwambia mtu. Nyumbani alijifungia chooni, akajikagua. Kila kitu kilikuwa kwa kipimo chake cha siku zote. Akaamua kuwa daktari wa bara hana macho, akarudi kwenye kofia zake.

Miezi minne baadaye miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Mkewe, Mwanamkisi, akaipata barua ya hospitali chini ya godoro, akampigia daktari simu.

"Bwana we, mshipa huu ni ndia ya damu ya kwenda figoni!" alimwambia mumewe. "Imebana. Figo yaona damu haba, yapiga ukelele presha ipande. Wewe ulidhani nini?"

Shekhan akaivuta kofia isiyokwisha, akaiweka mapajani.

"Ulidhani busha?"

Mwanamkisi akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikamwishia, akainuka kufunga nguo za safari.

Mombasa walimchoma sindano ya ganzi, wakapitisha waya. Shekhan alihesabu taa za darini: sita. Walipomaliza, daktari wa huko akamweleza kwamba ndia ya figo ya kulia imefunguka. Figo ya kushoto, kwa kuchelewa, imesinyaa kama ndimu kavu, haifai tena.

"Una swali, mzee?"

"La."

Wodini, Mwanamkisi akamsogelea. "Wamesemaje?"

"Moja."

"Moja nini?"

"Imesalia moja."

Mwanamkisi alimvutia shuka likamfika kifuani.

"Basi hiyo moja," akasema, "usiionee haya."