Bendera ya Doti

Kosa langu nilishalikiri, na sitaliomba radhi mara ya pili. Nilipewa kitambaa cha bendera moja, nikashona bendera mbili.

Ilikuwa katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Acocks Green, hapa Uingereza. Wanawake tisa tulikutana hapo kila Jumanne kushona nakala za bendera za vikosi vilivyopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, karibu miaka mia nne iliyopita. Mimi nilitoka mtaa wa Lozells, upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Bendera zingetundikwa kwa maonyesho, na siku ya ufunguzi kila mshonaji angesimama kando ya yake awaeleze wageni. Hilo ndilo lililonipeleka. Nimewatunza wazee wa mji huu miaka ishirini na mbili, nimewaosha, nimewalisha, na sikumbuki hata siku moja mtu kuniomba nimweleze kitu.

Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Anajua, simnyimi haki yake. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kila kikosi kilikuwa na rangi yake, na kila kombania ndani ya kikosi ilikuwa na bendera yake. Ya kanali mara nyingi ilikuwa tupu. Za makapteni zilitiwa alama, moja, mbili, tatu, ili askari aliyepotea ndani ya moshi wa baruti ainue macho awaone watu wake. Kuipoteza bendera ilikuwa aibu, na watu walikufa wameng'ang'ania mlingoti.

Siku aliposema kuwa nyingine ziliandikwa maneno ya kumchoma adui, na kwamba moja ilimsimanga jemadari wa upande wa pili kwa sababu mkewe alitoka nje ya ndoa, nilicheka kwa sauti. Wote wakanigeukia. Nikawaambia kwetu Zanzibar nguo inayosema ni kanga, na marehemu mama yangu alipigana na jirani yake mwaka mzima bila ya kufungua mdomo. Jirani akipita na kanga yake mpya, mama naye anafungua sanduku. Na kijembe hakimchomi asiyejua kukisoma, nikasema, ndiyo maana maneno hayo yaliwafaa watu waliokuwa wakigombana na ndugu zao. Mwalimu akatabasamu. "Vizuri sana, bab," akasema, kwa neno lile ambalo watu wa hapa humwita kila mtu wanayempenda au wanayetaka anyamaze. Akaendelea na somo.

Bendera yangu ilikuwa ya kijani, kwa kuwa askari wa kikosi hicho walivaa makoti ya kijani. Maneno yake ya asili yalikuwa ya Kilatini, lakini mwalimu alitaka Kiingereza ili watoto wa shule wayaelewe. Maana yake ni: hakuna kurudi nyuma. Dari ya ukumbi ni fupi, kwa hiyo tulipunguza vipimo, na yangu ikaja ukubwa wa kanga kamili. Nikakabidhiwa vipande viwili vya kijani vilivyo sawa na herufi nyeupe seti mbili. Sasa mtu wa pwani umpe vipande viwili, maneno yale yale, ukubwa ule ule, atafikiri nini? Nilivikunja pindo pande zote nne, nikavishonea herufi, nikaleta doti yangu imepigwa pasi.

Mwalimu alizitandaza mezani, akazigeuza moja moja. Kumbe vile vilikuwa mbele na nyuma ya bendera moja, vya kuunganishwa mgongo kwa mgongo ili maneno yasomeke kote kuwili.

"Ai, dada, kwani hukuuliza?" akasema mwenzangu, nesi kutoka Kenya. "Na opening ni Saturday! Sasa hiyo ingine tutaiweka wapi?"

"Nguo ya maneno haiji moja," nikamjibu.

"Lakini hii si leso, ni flag!"

Nikasema nitafumua pindo usiku huo huo niziunganishe. Mwalimu akasema hakuna haja, moja itabandikwa ukutani, nyuma hakutaonekana. Kisha akanishika mkono. Wageni wa Jumamosi ni wapenzi wa historia, akasema, watauliza maswali magumu, kwa hiyo bendera yangu ataieleza yeye. Mimi nisaidie chai, maana chai yangu haina mfano.

Uso uliniwaka. Ingekuwa ni kwa ajili ya pindo tu, ningemeza. Lakini alikuwa amenisikia nikizungumza Jumanne zote zile, na alichokisikia ni lafudhi tu. Nikaikunja ile ya pili nikaitia mkobani. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi nilivaa baibui langu, juu yake nikajitanda bendera kama inavyotandwa kanga, maneno mgongoni. Nesi aliniona mlangoni akashika mdomo.

"Wewe! Umevaa flag?"

"Mwenziwe yuko ukutani. Chukua hilo sinia."

Nikagawa chai. Nilipompita mzee mmoja mwenye mkongojo alinisoma mgongoni, akaniita, akauliza ni ya kikosi gani. Nikaweka birika juu ya kiti. Nikamweleza makoti ya kijani, alama za makapteni, moshi, na ndugu wanaosomana bendera kabla ya kuuana. Kiingereza kilinikatikia mara tatu, mara tatu nikakiunga. Wengine wakasogea. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini ziko mbili, nikamweleza doti pia.

Mwalimu akaja akanigusa kiwiko, tabasamu limemjaa kwa ajili ya wageni. "Vizuri sana, bab," akasema. "Lakini chai imekwisha. Rudi jikoni, mimi nitaendelea hapa."

Watu wote walikuwa wakinitazama mimi. Niliwageukia wageni wangu, nikampa mgongo, asome.