Koo za Maneno ya Hisabati

Prudensia wa kijiji cha Chonyonyo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne alipojiandikisha kurudia mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Chuo cha uuguzi alichokiomba kilimdai somo hilo tu, naye alikwisha kulifeli mara mbili. Mara hii, alisema, ingekuwa ya mwisho.

Mimi, mwalimu mstaafu wa somo hilo, nilimpokea kila Jumamosi alipotoka kupalilia kibanja cha migomba. Kukokotoa hakukumshinda. Kilichomshinda ni Kiingereza: katika mtihani uliopita aliulizwa *radius*, akatoa *diameter*; hesabu safi ya kitu kisichoulizwa. Nilimwamuru akariri tafsiri, kama sisi tulivyokaririshwa. Hazikukaa.

Siku moja akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, unisamehe. Kwetu mgeni huulizwa ukoo kabla hajapewa kahawa ya kutafuna. Haya maneno umeniletea bila koo. Ni watoto wa nani?"

"*Radius* ni Mlatini," nikamjibu. "Ni kile kijiti cha gurudumu, kitokacho katikati hadi ukingoni."

"Spoku!"

"Naam. *Diameter* ni Mgiriki: kipimo kinachopenya, ukingo hadi ukingo."

"Na huyu *zero*?"

"Mwarabu. Tumbo moja na sifuri yetu."

Akacheka hadi akafuta machozi. "Ndugu yetu kabisa! Na miaka yote namwamkia shikamoo kwa woga!"

Tangu hapo kila neno liliingia daftarini na ukoo wake. *Fraction*, Mlatini, kilichovunjwa. *Perimeter*, Mgiriki, kipimo cha kuzunguka. Mengine sikuyajua asili, ingawa nimeyafundisha miaka thelathini na sita. Ilinibidi nikiri hivyo, kisha nitafute kamusi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nyumbani kwao. Prudensia alisoma simu, akairudia kuisoma, akanipa. Alikuwa amepata D.

"Hiyo D ni kubwa?" akauliza mama yake, Bibi Nyirabageni.

"Ni ndogo, mama. Lakini ni ya kufaulu. Chuo hakikutaka zaidi."

"Basi utaondoka."

"Nitaondoka, mama."

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na kanga zake mbili mpya, akaketi, akaanza kuzikunja taratibu kwa ajili ya safari ya binti yake.