Kiganja Kilichopima Miti

Siku ya kwanza kwenye kambi ya wakata mikoko niliingia na kandambili mpya, nikatoka peku. Tope la mikoko likivuta kandambili halirudishi. Msimamizi wa kambi akacheka mpaka akakaa chini. "Mgeni kalipa ushuru," akasema, akanikabidhi shoka.

Nilikata miti miaka mingi, bamvua kwa bamvua, maana mtumbwi huingia vijitoni maji yakiwa makubwa. Halafu wakanipandisha kuwa mpimaji. Sisi hatukupima kwa futi. Unaukamata mti, unauzungusha. Dole gumba na cha kati vikikutana, huo ni pau, mti wa kuezekea. Vikiacha nafasi, ni mazio, wa kusimamisha ukuta. Boriti hiyo mpaka mikono miwili. Nikisema mimi, mnunuzi harudii kupima. Jina langu lilikuwa hapo, kiganjani.

Basi ikaja baridi yabisi. Kifundo cha mkono wa kulia kikavimba kama andazi, nikashindwa hata kukamua nazi. Mama Zuhura, mke wangu, alikuwa ananikamulia huku akinisema, lakini hayo ya nyumbani tuyaache. Kosa langu ni kuwaficha wenzangu kambini. Vidole havikufunga tena, kwa hiyo kila mti nilioukamata uliacha nafasi. Nami kwa kiburi nikaita, "Mazio! Mazio!"

Fundi mmoja kutoka Bungu akarudi na mzigo wake. "Mzee Kibwana, ukuta wa miti hii mbuzi akijikuna tu, nyumba imelala!"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. Akanivuta pembeni. "Mzee mwenzangu, katibiwe. Nakuwekea nafasi yako, lakini mkono ukirudi hivi hivi, nampa mwingine."

Dawa na sindano zilishanichosha. Huko Dar es Salaam daktari wa mifupa akaniambia kifundo kimelika, atakitoa aweke cha bandia, chuma na plastiki. Nikamuuliza, "Nitapima miti?"

"Maumivu yatapungua sana, Inshallah. Kukunja utakunja, si kama zamani. Shoka sahau. Mizigo mizito sahau. Na usiinuke kwa kuegemea kiganja, kitalegea. Kikilegea tutakitoa, tuunganishe mfupa kwa mfupa, usikunje tena."

"Na kusujudu je?"

"Weka kiganja, uzito usiweke."

Nikakubali. Upasuaji, plasta, kisha mazoezi: kukamua kitambaa, kugeuza kikombe. Wiki za mwanzo nilijuta. Kisha asubuhi moja nikakamua nazi, tui likatoka, wala sikuuma meno. Mama Zuhura akasema, "Haya, kazi yako hiyo toka leo." Mpaka leo.

Nikarudi kambini. Msimamizi akanifunga macho kwa kilemba chake, watu wamezunguka. Akanipa mti wa kwanza. Vidole vikafunga, vikagusana. "Pau." Wa pili, nafasi ya kidole. "Mazio." Wa tatu ulikuwa wa moto, una vinyweleo.

"Huu?" akauliza, sauti karibu kabisa.

Nikauzungusha taratibu. "Huu pau, Bwana Msimamizi. Tena umepinda."

Alikuwa kanipa mkono wake mwenyewe. Kambi nzima ikalala chini kwa kicheko, na yeye papo hapo akanirudishia kiti changu cha upimaji.

Nilipima mpaka nilipostaafu, miti wakininyanyulia wengine. Sasa mgeuko wa mkono ni nusu ya ule wa zamani, na kila nikienda kupigwa picha ya mfupa roho hunipanda juu nisije ambiwa kimelegea. Bado kimekaa. Mkifika kwetu Nyamisati mkaniona gengeni, nipeni mkono. Nikiuzungusha kidogo kabla ya kuuachia, msinune. Naangalia tu kama unafaa kusimamisha ukuta.