Vidonge vya Moto Mmoja

Donatille hakuwa mchoyo, na hilo ndilo lililomponza yeye na mwenzake. Huko kambini Mugunga, alikokimbilia vita vilipofika kwao Rutshuru, waliopika kwenye moto mmoja waligawana kila kitu: chumvi, sabuni, hata kitenge cha kwendea misa. Yeye alipika na Micheline, mjane kutoka Masisi asiye na mtu mwingine duniani, mcheshi wa kumchekesha hata aliyefiwa.

Donatille alikuwa amepasuliwa uvimbe hospitalini, wakamtoa kizazi na vifuko vya mayai pamoja. Baada ya hapo joto likawa linampanda hadi usoni, usingizi hakuna. Daktari akampima tension, yaani presha ya damu, akaiona nzuri, ndipo akampa vidonge vya homoni na kumsisitizia arudi kupimwa. Joto likapoa. Micheline, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma naye akiungua vilevile, akamtania:

"Na miye niko nawaka. Unaniacha niive kama muhogo?"

Wakacheka, wakaanza kugawana vidonge.

Joto la Micheline likapungua kweli, lakini kichwa kikaanza kumgonga kila asubuhi. Donatille hakushtuka, na nani angeshtuka? Mugunga nzima iliumwa kichwa. Waliozika watoto njiani na walioacha mashamba kwa wenye bunduki wote waliambiwa neno moja.

"Ni mawazo ya vita, mama," Donatille akamwambia, akampa kidonge kingine.

Jumapili moja Micheline akaangusha sufuria ya maharage, mdomo ukaenda upande. Majirani wakambeba hadi zahanati. Muuguzi Élisée akampima, akarudia tena.

"Tension iko juu sana, pengine tangu zamani. Anakunywa dawa gani?"

Donatille akamwonyesha vidonge, akaeleza kuwa ni vyake alivyopewa hospitalini.

"Weye walikupima mbele ya kukupatia," Élisée akasema. "Huyu, ni nani alimupima? Hii dawa inaweza kupandisha tension zaidi."

Donatille akavifunika vidonge kwa kiganja.

Micheline hakufa. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na sauti ikapotea. Kambi nzima ikasema vita vimemmaliza, na Donatille angeweza kunyamaza. Alishindwa. Akiwa anamlisha uji, akamwambia:

"Si vita, dada. Ni miye, na vile vidonge. Unisamehe."

Micheline alimtazama, machozi yakimtoka. Kisha akafumba mdomo. Donatille akaleta kijiko, akabembeleza, akalia, lakini mdomo ule haukufunguka tena kwa mkono wake.