Pete Iliyosubiri Eda

Siku hizi bibi harusi haji dukani kwangu kuuliza uzito wa dhahabu. Anauliza rangi. Anataka jiwe la bluu, la kijani, la zambarau, kama alivyoona kwenye simu, na dhahabu niliyohangaika nayo haina kazi ila kulishika hilo jiwe. Mimi ni sonara wa Mji Mkongwe, mtoto wa sonara, na nakiri kwamba mawe haya niliyachukia tangu yalipoanza kushika soko. Marehemu baba alinifundisha dhahabu tu. Unaitia motoni, unaichovya majini, inatoka salama.

Mwaka juzi alikuja mwanamke wa Michenzani, kaleta pete ya dada yake. Huyo dada alikuwa amefiwa na mume, mwezi wa pili yumo ndani anakaa eda, na mtu wa eda hajipambi. Pete ilikuwa ya tanzanaiti, zawadi ya mumewe kutoka Bara alikokuwa akifanya kazi. Huzuni ilimkondesha mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Alitaka ipunguzwe, aivae siku ya kutoka eda.

Muuza mawe alishanionya kwamba kabla ya kulehemu, kito kitolewe kwanza. Nikaona ananifundisha kazi ya baba yangu. Nikaikata pete, nikaiunga, nikaipitisha motoni na jiwe lake, kisha nikaichovya majini kama nilivyozoea. Sauti ilikuwa ndogo, kama punje ya mchele inayovunjika menoni. Jiwe lilikuwa limepasuka kati kwa kati.

Nikaitia pete kwenye mtoto wa meza. Mdogo wake, yule aliyeileta, alipita mara tatu kuuliza, na mara zote nilimwambia iko tayari, itulie hapa mpaka eda iishe. Nilijiambia namhurumia mfiwa, asizidishiwe msiba. Uongo mtupu. Nilikuwa naona haya, na ile miezi ilinifaa.

Eda ilipoisha alikuja mfiwa mwenyewe. Nikaiweka pete mbele yake, nikamweleza, nikamwahidi jiwe jingine zuri zaidi kwa gharama yangu. Aliniuliza limepasuka lini. Nikamwambia, wiki ileile lilipoletwa.

"Mume wangu alipokufa huko Bara, walinificha siku mbili," akasema. "Wakinambia hajambo, yuko njiani anakuja, na mimi nafua mashuka ya kumpokea. Kumbe inaletwa maiti. Na wewe, fundi, umenificha miezi mitatu."

Nilitamani anitukane. Aliivaa pete palepale, na ufa wake, akanyoosha mkono kuitazama. Haikubana wala haikulegea. Ile kazi niliyorithi kwa baba nilikuwa nimeifanya vizuri.